Mashine pepe za VirtualBox zimegoma baada ya Ubuntu kujisasisha: nianzie wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Ofisini tuna kompyuta yenye Ubuntu 24.04, prosesa ya Intel na RAM ya GB 16. Ndani yake kuna VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta) yenye mashine pepe mbili: Windows 10 yenye programu ya mahesabu, na Ubuntu Server ya majaribio. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku. Asubuhi tulipowasha kompyuta, mashine zote mbili ziligoma. Ujumbe wa kwanza ulisema "Kernel driver not installed (rc=-1908)". Nikaelekezwa niendeshe vboxconfig, nikafanya hivyo, kosa likageuka kuwa "VirtualBox can't operate in VMX root mode", na chini yake VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Mimi sikufanya apdeti yoyote. Je, umeme umeharibu faili? Nifute VirtualBox nianze upya? Mahesabu ya miaka mitatu yamo humo. Halafu mwenzangu anatumia VirtualBox kwenye Windows 11; yake inawaka ila inatambaa tangu apdeti. Ni ugonjwa huohuo?

Jibu: Ndugu yangu, usifute chochote. Hasa usibofye "Remove" kwenye jina la mashine kisha "Delete all files", maana hapo ndipo mahesabu ya miaka mitatu yatakapopotea kweli. Makosa yote mawili uliyoyataja hutokea kabla mashine pepe haijaanza kusoma diski yake. Diski ingekuwa ndiyo mgonjwa, ungeona maneno mengine: jina la mashine lingeandikwa "Inaccessible", au kosa lingetaja faili la .vdi (diski ya mashine pepe) ambalo halipatikani au halisomeki. Wewe kilichobadilika ni kerneli ya Ubuntu (moyo wa mfumo) iliyo chini ya VirtualBox, na imekugonga mara mbili kwa sababu mbili tofauti. Ulipotatua ya kwanza, ya pili ikajitokeza. Kwa hiyo kosa kugeuka ni dalili kwamba umepiga hatua, ingawa najua haikuonekana hivyo.

Kuhusu umeme: haukuharibu kitu hapa, ila ndio uliofichua. Ubuntu ya mezani hushusha apdeti za usalama yenyewe kupitia huduma iitwayo unattended-upgrades, bila kukuuliza. Kerneli mpya ikishasakinishwa hukaa kimya kwenye diski, na kompyuta huendelea kutumia ile ya zamani hadi siku itakapozimwa na kuwashwa. Kompyuta ya ofisi inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuzimwa. Siku umeme unapokatika ndipo inawaka na kerneli mpya, na lawama zote zinaangukia umeme. Hakikisha mwenyewe:

```
uname -r
zgrep -h -B3 'linux-image-6.14' /var/log/apt/history.log*
```

Amri ya kwanza inakuonyesha kerneli inayotumika sasa hivi. Ya pili itakupa tarehe kerneli hiyo ilipoingia, na kwenye mstari wa "Commandline" utakuta /usr/bin/unattended-upgrade badala ya amri uliyoandika wewe.

Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 ikiwa na kerneli 6.8. Lakini toleo la mezani kwa kawaida hufuata njia ya kerneli mpya, ile inayoitwa HWE, ambayo huruka mfululizo kila baada ya miezi kadhaa: Februari 2025 ilikuja 6.11, Agosti 2025 ikaja 6.14. Mruko huo wa kutoka 6.11 kwenda 6.14 ndio uliowaangusha watu wengi wa VirtualBox, na kwa dalili ulizoandika nina kila sababu ya kuamini ndio uliokupata. Kama uname inaonyesha namba nyingine, 6.12 au zaidi, maelezo yaliyo hapa chini kwa sehemu kubwa hayabadiliki.

Kwanza ofisi ifanye kazi leo

Kabla ya kutengeneza, rudi kwenye kerneli ya zamani ili watu waendelee na mahesabu. Washa kompyuta upya. Mara tu nembo ya mtengenezaji inapotoweka, gusa kitufe cha Esc mara moja (kwenye mashine za zamani zisizo na UEFI, shikilia Shift). Ukigusa Esc kupita kiasi utatupwa kwenye skrini nyeusi yenye "grub>". Usiogope, andika `normal`, bonyeza Enter, kisha gusa Esc tena mara moja. Kwenye menyu hiyo ya kuchagua kerneli, iitwayo GRUB, chagua "Advanced options for Ubuntu", halafu mstari wenye 6.11 usio na neno "recovery".

Mashine pepe zikiwaka hapo, umepata uthibitisho kwamba faili zako ni nzima. Zime Windows vizuri kutoka ndani kwa Shut down (si "Save the machine state"), kisha nakili folda nzima ya `VirtualBox VMs` kwenye diski ya nje. Na usiendeshe `apt autoremove` mpaka kila kitu kitulie, kwani inaweza kukuondolea kerneli hiyo ya zamani unayoitegemea.

Usishangae ukikuta mashine imeandikwa "Aborted". Maana yake ni kwamba ilikuwa inafanya kazi umeme ulipokatika. Iwashe kama kawaida. Windows inaweza kukagua diski yake kwa dakika chache, iache imalize.

Kosa la kwanza: dreva haipo

Umeshalipita, lakini lielewe kwa sababu litarudi siku nyingine. VirtualBox si programu ya kawaida tu. Ina kipande kinachoingia ndani ya kerneli, moduli iitwayo vboxdrv, na kipande hicho lazima kijengwe upya kwa kila kerneli, kwa kutumia faili za kichwa (headers) za kerneli hiyohiyo. Kerneli mpya ikiingia bila faili zake za kichwa, au bila vifaa vya kujengea, moduli haijengwi, na ndipo unapata -1908. Ujumbe huo peke yake haukwambii sababu. Sababu utaipata ukimuuliza modprobe, amri ya kupakia moduli, moja kwa moja:

```
sudo modprobe vboxdrv
```

Ikinyamaza, moduli imeingia. Ikisema "Module vboxdrv not found in directory /lib/modules/6.14.0-xx-generic", haijajengwa. Ikisema "Key was rejected by service", imejengwa lakini Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imeikataa. Majibu haya hayatibiwi kwa dawa moja, ndiyo maana ushauri wa "sakinisha upya VirtualBox" hufaulu kwa mmoja na kumshinda mwingine.

Kwa moduli ambayo haijajengwa:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)
```

Kisha, kama VirtualBox yako ni ya Oracle (jina la kifurushi lina namba, mfano virtualbox-7.0 au virtualbox-7.1), endesha `sudo /sbin/vboxconfig`. Kama ni ya hazina ya Ubuntu yenyewe (virtualbox pamoja na virtualbox-dkms), amri ni `sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms`. Wewe vboxconfig ilikubali, kwa hiyo yako ni ya Oracle. Hakikisha hujachanganya zote mbili kwa `dpkg -l | grep -i virtualbox`. Mchanganyiko huo huzaa makosa yasiyoeleweka, moduli ya huku ikigombana na programu ya kule. Ukikuta zote mbili, ondoa ya Ubuntu kwa `sudo apt purge virtualbox-dkms virtualbox virtualbox-qt`, kisha endesha tena vboxconfig. Kuondoa vifurushi hakugusi mashine pepe. Hizo ziko kwenye folda yako ya nyumbani.

Ujenzi ukishindwa, usikisie. Logi iko /var/log/vbox-setup.log kwa Oracle, na kwa Ubuntu iko ndani ya /var/lib/dkms/virtualbox/, kwenye folda ya toleo, faili make.log. Logi hizi ni ndefu na mwisho wake hauna faida: mstari wa mwisho daima husema tu kwamba ujenzi umeshindwa. Tafuta kosa la kwanza:

```
grep -n -m1 'error:' /var/log/vbox-setup.log
```

Mstari huo usome kwa makini. Ukikuta "implicit declaration of function", "too few arguments to function" au "has no member named", basi kompyuta yako haina kosa. VirtualBox yako imeandikwa kabla ya kerneli hii, na kerneli imebadilisha jina au umbo la kitu ambacho VirtualBox ilikitegemea. Hapo hata ukirudia vboxconfig hadi jioni hakuna kitakachobadilika. Dawa ni toleo jipya la VirtualBox. Orodha ya mabadiliko ya kila toleo hutaja kerneli inazozikubali, kwa hiyo tafuta namba ya kerneli yako humo kabla ya kushusha.

Grep isipokupa kitu, soma logi kwa jicho. "gcc-12: not found", au jina jingine la gcc, ni kikusanyaji kinachokosekana: kerneli ilijengwa kwa gcc ya toleo fulani na moduli inalitaka hilohilo. Hili liliwasumbua sana watu wa Ubuntu 22.04 kerneli 6.5 ilipoingia, kwa sababu mfumo ulikuwa na gcc-11. Sakinisha gcc iliyotajwa kwa apt, jenga tena. "No space left on device" nayo inajieleza. Angalia `df -h / /boot`. Kizigeu cha /boot kikijaa, hata kerneli yenyewe huingia nusu.

Kama ni Secure Boot

Hili halikukupata, kwani vboxdrv yako imeingia, ila nalitaja kwa wenye kompyuta mpakato mpya. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli hukubali tu moduli yenye sahihi ya ufunguo inaoufahamu. Angalia:

```
mokutil --sb-state
sudo mokutil --test-key /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Kama ya pili inasema ufunguo haujaandikishwa, uandikishe kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`. Faili lisipokuwepo, litengeneze kwanza kwa `sudo update-secureboot-policy --new-key`. Utaombwa nenosiri la kutumia mara moja tu. Weka herufi nane au zaidi, nyepesi, bila alama, kwa sababu skrini utakayoliandikia hutumia mpangilio wa kibodi ya Kimarekani na haionyeshi unachoandika. Washa upya. Skrini ya bluu itatokea na kukupa sekunde 10 za kubonyeza kitufe chochote. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika nenosiri, Reboot. Wengi wanashindwa hapa: kompyuta inawaka wao wakiwa wamekwenda kunywa chai, sekunde zinapita, ombi linafutika, nao wanadhani wameandikisha. Ukikosa, rudia import.

Baada ya hapo jenga moduli upya, kwani ile iliyojengwa kabla ya ufunguo haina sahihi. `modinfo vboxdrv | grep -i signer` ikikupa jina lenye "Secure Boot Module Signature key", umemaliza. Kuzima Secure Boot kwenye BIOS pia kunafanya kazi, lakini kama kompyuta hiyo ina Windows yenye BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri) kando ya Ubuntu, tayarisha ufunguo wa kurejesha kabla hujagusa, maana Windows itaudai.

Kosa la pili: VMX root mode, hili ndilo lako

Ujumbe wenyewe unakushauri uzime KVM na "recompile your kernel". Sehemu ya mwisho ipuuze. Hakuna haja ya kujenga kerneli; ni maneno ya miaka mingi ambayo hayajasahihishwa.

Kinachotokea ni hiki. Prosesa za Intel zina uwezo wa VT-x unaoziwezesha kuendesha mashine pepe kwa kasi, na uwezo huo kwenye kila kiini cha prosesa hushikwa na bwana mmoja kwa wakati mmoja. Ndani ya Linux kuna mfumo mwingine wa mashine pepe, KVM, unaopakiwa wenyewe kompyuta inapowaka, utumie usitumie. Zamani KVM ilikaa tu: moduli ipo, lakini haikushika VT-x mpaka mashine pepe yake ya kwanza iwashwe. VirtualBox ikawa inakuta uwanja mtupu. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotoka Novemba 2024, desturi hiyo ilibadilishwa: KVM sasa hushika VT-x pale moduli inapopakiwa. VirtualBox ikija inakuta pameshikwa, inakataa. Ulipokuwa kwenye 6.11 hukuyaona haya, na kwenye 6.14 lazima uyaone. Mwenye prosesa ya AMD huliona tatizo lilelile kwa jina VERR_SVM_IN_USE.

Jaribu kwanza kwa muda, bila kubadilisha faili lolote:

```
lsmod | grep kvm
sudo modprobe -r kvm_intel
```

Kwa AMD andika kvm_amd. Ikinyamaza, washa mashine pepe yako; itawaka. Ikisema "Module kvm_intel is in use", kuna programu inayoitumia KVM wakati huo. Mtafute kwa `sudo fuser -v /dev/kvm`. Mara nyingi ni simu ya majaribio ya Android Studio, au Docker Desktop, au mashine iliyowashwa kupitia GNOME Boxes. Funga hiyo, rudia.

Ukishaona imefanya kazi, fanya badiliko la kudumu. Njia ninayoipendelea ni kuirudishia KVM tabia yake ya zamani, si kuifukuza kabisa:

```
echo 'options kvm enable_virt_at_load=0' | sudo tee /etc/modprobe.d/kvm-virtualbox.conf
sudo update-initramfs -u
sudo reboot
```

Baada ya kuwaka, hakiki:

```
cat /sys/module/kvm/parameters/enable_virt_at_load
```

Jibu liwe N. Ukiona Y, faili halijasomwa. Kagua tahajia, na kwamba jina la faili linaishia na .conf. Ukiona hakuna faili kama hilo, basi kerneli uliyowasha iko chini ya 6.12 na huhitaji dawa hii. Wengine huweka `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha `sudo update-grub`. Matokeo ni yaleyale, ila kosa la alama moja ya nukuu kwenye faili hilo linaweza kukuletea usumbufu wakati wa kuwaka, ndiyo maana natanguliza njia ya modprobe.d.

Ushauri unaosambaa zaidi ni wa kuweka `blacklist kvm_intel`. Unafanya kazi, lakini siku utakapotaka kutumia simu ya majaribio ya Android Studio itakataa au itakuwa nzito mno, na utakuwa umesahau kwa nini. Kwa njia ya enable_virt_at_load unaweza kutumia VirtualBox asubuhi na KVM mchana, mradi zisiwe zimewashwa kwa pamoja.

Mashine imewaka, lakini kuna kinachokosekana

Kama ulikuwa ukifunga Windows kwa "Save the machine state", na ukapandisha toleo la VirtualBox kati, hali iliyohifadhiwa inaweza kukataa kufunguka. Jaribu kwanza kuifungua kwa toleo lile la zamani. Isipowezekana, itupe hali hiyo:

```
VBoxManage discardstate "Jina la mashine"
```

Hii ni sawa na kuchomoa waya wa umeme: kilichoandikwa kwenye diski kinabaki, kilichokuwa kwenye RAM bila kuhifadhiwa kinapotea.

Mtandao wa daraja (Bridged) nao huchezewa na apdeti. Kosa la VERR_INTNET_FLT_IF_NOT_FOUND maana yake mashine pepe inatafuta kadi ya mtandao kwa jina ambalo halipo tena kwenye kompyuta mwenyeji, au moduli ya vboxnetflt haijapakiwa. Endesha `VBoxManage list bridgedifs` uone majina ya sasa, kisha kwenye Settings, Network, chagua kadi iliyopo. Na kama una Extension Pack, toleo lake lioane na la VirtualBox. `VBoxManage list extpacks` itakuonyesha.

Ile Ubuntu Server ya majaribio nayo hujisasisha yenyewe, kwa hiyo Guest Additions zake (nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mashine pepe) zinaweza kuvunjika kwa sababu ileile ya moduli kutojengwa. Ndani yake sakinisha faili za kichwa, kisha `sudo /sbin/rcvboxadd setup`. Folda ya pamoja isiyoonekana ghafla mara nyingi ni hilo.

Kama mashine inawaka kisha inazimika bila maelezo, nenda `VirtualBox VMs/Jina/Logs/VBox.log`, tafuta mistari inayoanza na HM. Ukikuta "HMR3Init: VT-x w/ nested paging", sehemu ya VT-x iko sawa na tatizo litafutwe kwingine, kama RAM au diski iliyojaa kwenye kompyuta mwenyeji.

Lisijirudie

Kuna wanaozuia kerneli isisasishwe kabisa kwa apt-mark hold. Sikushauri, unajifungia na matundu ya usalama. Kompyuta ya ofisi yenye kazi moja ya kuendesha mashine pepe inafaa zaidi kukaa kwenye kerneli ya awali ya 24.04, yaani 6.8, ambayo hupata apdeti za usalama hadi 2029 bila kuruka mfululizo. Sakinisha kwa `sudo apt install linux-generic`, washa kompyuta ukichagua 6.8 kwenye menyu ya GRUB, hakikisha Wi-Fi, sauti na skrini viko sawa (kompyuta mpya mno zinaweza kuhitaji kerneli mpya), kisha:

```
sudo apt remove linux-generic-hwe-24.04 linux-image-generic-hwe-24.04 linux-headers-generic-hwe-24.04
```

GRUB huchagua kerneli yenye namba kubwa, kwa hiyo 6.14 itaendelea kuwaka yenyewe mpaka uondoe vifurushi vyake vya linux-image-6.14. Fanya hivyo ukiwa ndani ya 6.8, kamwe si ukiwa juu ya ile unayoiondoa. Na usiondoe 6.14 kabla hujaona mashine pepe zote mbili zimewaka kwenye 6.8.

Ukiamua kubaki na HWE, hakikisha linux-headers-generic-hwe-24.04 imesakinishwa ili faili za kichwa zije pamoja na kila kerneli. Panga siku yako mwenyewe ya kuwasha kompyuta upya, tuseme Jumamosi mchana, badala ya kusubiri umeme ukuchagulie Jumatatu asubuhi ya siku ya kulipa kodi. Mwenye VirtualBox ya Ubuntu aangalie `dkms status` kabla ya kuzima: kerneli mpya ikionekana mbele ya virtualbox na neno "installed", atawaka salama.

Wapo watakaokwambia uhame VirtualBox uende KVM yenyewe, ugomvi uishe. Kwa Ubuntu Server ni rahisi: `qemu-img convert -O qcow2 zamani.vdi mpya.qcow2`. Kwa Windows ya mahesabu nenda taratibu. Mashine ikiwa na snapshoti (picha za hali yake ya wakati fulani), faili kuu la .vdi halina kazi za karibuni, kwani hizo ziko kwenye folda ya Snapshots, na ukigeuza faili kuu pekee utapata mahesabu ya zamani. Tengeneza kwanza nakala kamili kwa Clone ndani ya VirtualBox, uchague "Full clone" na "Current machine state". Huko KVM weka diski kama SATA kwanza, maana ukiiweka virtio bila dreva zake, Windows itakupa skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na programu nyingi za mahesabu hufunga leseni kwa vitambulisho vya mashine, kwa hiyo piga simu kwa aliyekuuzia kabla ya kuhama. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama programu inakubali Windows 11, ni afadhali uhame mara moja kwa yote.

Kuhusu mwenzako wa Windows 11

Ugomvi ni wa VT-x uleule, bwana ni mwingine. Kwake aliyeishika ni Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, inayowashwa na WSL2 (Linux ndani ya Windows), Docker Desktop, au ulinzi wa "Memory integrity" ambao apdeti inaweza kuuwasha. Tofauti ni kwamba kwenye Windows VirtualBox haigomi. Inapitia njia ya mzunguko juu ya Hyper-V, na ndiyo maana inatambaa. Atazame pembe ya chini kulia ya dirisha la mashine pepe: akiona kobe wa kijani, ndiyo hiyo. Azime "Memory integrity" kwenye Windows Security, sehemu ya Core isolation, kisha afungue Command Prompt kama msimamizi:

```
bcdedit /set hypervisorlaunchtype off
```

Azime kompyuta kabisa na kuiwasha. Kobe akibaki, afungue msinfo32 na asome mstari wa "Virtualization-based security"; ukisema "Running", kuna ulinzi mwingine bado umewashwa, na kwenye kompyuta ya kazini huenda umewekwa na watu wa TEHAMA wa ofisi, kwa hiyo awaulize wao. WSL2 na Docker Desktop zitaacha kufanya kazi hadi arudishe kwa `auto` mahali pa `off`. Kama anazihitaji kila siku, itabidi amvumilie kobe.